Anayengoja Mlangoni

Ukitoka Uvira kwenda kaskazini, milima inakaa kushoto kwako, Mto Ruzizi uko kulia, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Unapita Kiliba penye miwa, unapita Sange, halafu unaliacha joto la uwanda na kuanza kupanda kwa Wafuliiru. Huko juu, penye ukungu wa asubuhi na baridi ya kumfanya mtu avae koti, ndiko Lemera. Watu wa mbali wakilisikia jina hili hukumbuka siasa, maana mapatano ya Oktoba 1996 yaliyozaa AFDL, muungano wa waasi wa Laurent-Désiré Kabila, yaliitwa kwa jina la Lemera. Sisi wa huku tunakumbuka hospitali kwanza. Na mimi, kila nikiikumbuka hospitali ile siku hizi, nawaza habari za uso.

Iko kazi moja ambayo sijamsikia kijana wa Uvira akisema anaitamani. Muulize anayemaliza sekondari: atakuambia anataka kuwa daktari wa kawaida, mhandisi, mwanasheria, au mfanyakazi wa shirika. Mtajie upasuaji wa sura, atacheka. Kazi hiyo ameiona kwenye simu tu, matajiri wa Los Angeles na Seoul wakipunguzwa pua na kuvutwa mashavu. Kwake ni kazi ya urembo, mambo ya watu walioshiba. Naamini amedanganywa, na uongo huo unatugharimu sana. Upasuaji wa sura ulikulia vitani, kwenye matope na moshi, na wagonjwa wake wa kweli wamejaa kati ya Lemera na ziwa.

Nianze na mtu ambaye si daktari wa uso. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, akiwa mtoto, akaona kwamba baba ana maombi lakini hana dawa. Akasoma udaktari Burundi, akamaliza mwaka 1983, akapanda Lemera kufanya kazi katika hospitali iliyotokana na misheni ya Wapentekoste wa Sweden. Nia yake ilikuwa kutibu watoto. Lakini mlangoni pa hospitali walifika wanawake wamebebwa kwenye vipoyi, wametembezwa milimani usiku na mchana. Wengine walikuwa wamekwisha kukata roho njiani, wengine mtoto amefia tumboni, wengine wamepona uzazi lakini mkojo unawachuruzika bila kukoma. Akaziacha ndoto zake za kwanza. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, na mwaka 1989 akarudi Lemera ile ile.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliivamia hospitali, wakaua watu zaidi ya 30, wagonjwa vitandani na wauguzi wao. Daktari hakuwapo siku hiyo. Akaanza upya Bukavu, na mwaka 1999 ikazaliwa Panzi, iliyokusudiwa kuwa mahali pa kuzalia salama. Mgonjwa wake wa kwanza pale alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Kwa mara ya pili aliyefika mlangoni akaibadilisha kazi ya daktari. Mwaka 2018 dunia ikampa Tuzo ya Nobel ya Amani, pamoja na Nadia Murad.

Nimeitaja njia yake kwa sababu ninaiona kila ninaposoma habari za waliojenga upasuaji wa sura. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza kwa kusema, nitatengeneza nyuso. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa daktari wa masikio, pua na koo huko London. Mwaka 1915 alipelekwa Ufaransa vitani, akakutana na Charles Valadier, mtaalamu wa meno aliyekuwa akihangaika na taya zilizovunjwa. Vita vile vilipiganwa kwenye mahandaki. Mwili ulikuwa chini ya ardhi, kichwa kikichungulia juu, basi chuma kikawa kinatafuta vichwa. Madaktari walijua kumzuia mtu asife kwa damu. Kumrudishia pua na kidevu hawakujua, kwa sababu hapakuwa na wa kuwafundisha. Mwaka 1917 ilifunguliwa hospitali ya kutibu nyuso tu huko Sidcup, nje ya London, na kazi iliyofanyika hapo ilikuwa kubwa mno: askari zaidi ya 5,000, operesheni zaidi ya 11,000.

Kuna jambo moja la Sidcup ambalo halinitoki akilini. Kwenye barabara ya kutoka hospitali kwenda mjini yaliwekwa mabenchi yaliyopakwa rangi ya buluu. Benchi la buluu lilikuwa onyo kwa wapita njia: anayeketi hapa uso wake umeharibika, jiandae usishtuke. Nimejaribu kuliwaza benchi hilo kwa wema, kwa sababu walioliweka huenda walitaka kuwaepusha majeruhi na makelele ya watu. Siwezi. Naona tu mtu aliyepewa mahali pa kukaa ili wengine wapate nafasi ya kutazama pembeni.

Huku kwetu hatuna mabenchi ya buluu. Tuna vitenge. Mama mwenye mtoto wa mdomo sungura hufunika uso wa mtoto kwa kitenge, hata jua likiwa kali la uwanda wa Ruzizi, na anaposalimiwa sokoni huongeza mkunjo mwingine. Nilisoma darasa moja na kijana aliyeangukia motoni akiwa mdogo. Kifafa kilimkamata karibu na mafiga. Alikuwa akijibu maswali kiganja kikiwa shavuni, kana kwamba anaumwa jino, na mwalimu wetu hakumwita ubaoni hata siku moja kwa miaka yote ile. Nadhani mwalimu alijiona mpole. Mimi niliona hivyo pia, nikiwa mtoto. Sasa najua kwamba kile kiganja na ile huruma vilikuwa benchi la buluu lililopakwa rangi nyingine.

Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Lugha yetu inajua mengi kuhusu uso: mtu hukunja uso, hukunjua uso, huwa na uso mkavu, hupokea mgeni kwa uso wa bashasha. Hakuna kiungo kingine tulichokipa kazi nyingi hivyo. Mguu ukivunjika, mtu ana mguu uliovunjika. Uso ukiharibika, watu husema *yeye* ameharibika. Ndiyo maana ninakataa kuiita kazi hii anasa. Anayemrudishia mtu uso anamrudisha kwenye salamu, na kwetu asiyesalimiwa ana tofauti gani na aliyezikwa?

Gillies alikuwa na ndugu yake wa mbali, Archibald McIndoe, aliyemfuata katika ufundi huo. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, McIndoe aliletewa vijana wa ndege za kivita walioungua, vijana ambao mikono na nyuso zao ziliyeyuka ndani ya vyumba vya rubani. Aligundua kwamba walioangukia baharini makovu yao yalikuwa na nafuu kuliko ya walioangukia nchi kavu, akaanza kuwaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi. Lakini jambo kubwa alilolifanya, kwa maoni yangu, halikuhitaji kisu. Aliwataka wakazi wa mji mdogo wa East Grinstead wawaalike wagonjwa wake majumbani, wacheze nao dansi, wanywe nao, wala wasigeuze macho. Mji ukakubali. Wale vijana walianzisha chama chao mwaka 1941, na kufikia mwisho wa vita walikuwa 649.

Huyu McIndoe alikuja huku kwetu Afrika Mashariki. Hapa ndipo ninapotaka kijana wa Uvira anisikilize. Mwaka 1957 wapasuaji watatu wa sura walikaa pamoja kwenye miteremko ya Kilimanjaro wakaamua jambo. Alikuwapo McIndoe, alikuwapo Tom Rees wa New York, na alikuwapo Michael Wood, Mwingereza aliyeishi Kenya na Tanganyika na aliyekuwa karibu peke yake katika fani hiyo kwa eneo kubwa ajabu. Wood alikuja huku akiwa mpasuaji wa kila kitu. Wagonjwa ndio waliomgeuza: walioungua, walioraruliwa na wanyama, waliotafunwa na ukoma, watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka. Akarudi Uingereza akajifunza kwa McIndoe. Tatizo lililobaki ni kwamba wenye shida hizo hawakuweza kuufikia mlango wake. Basi watatu hao wakaamua mlango uwafuate wagonjwa, kwa ndege ndogo. Huo ndio mwanzo wa AMREF, madaktari wanaoruka, shirika ambalo leo kila mtu Nairobi analijua na ambalo wachache wanakumbuka kwamba lilianzishwa na watengeneza nyuso.

Nimekaa na habari hiyo muda mrefu. Shirika kubwa la afya la Waafrika lilitoka katika fani tunayoidhania ya kuwapaka matajiri poda!

Sasa turudi barabarani. Tarehe 2 Julai 2010, Ijumaa jioni, lori la mafuta lilipinduka Sange. Mafuta yakamwagika, watu wakaja na mabidoni na mabeseni kuyachota, maana lita moja ya mafuta ni pesa ya chakula. Wengine hata hawakuja kuchota. Walikuwa wamebanana ndani ya kibanda cha sinema wakitazama Kombe la Dunia, lililokuwa likichezwa Afrika Kusini kwa mara ya kwanza katika bara letu. Moto ulipolipuka uliwafuata humo humo. Walikufa watu zaidi ya 230. Wakazikwa kwa pamoja, na majeruhi wakapelekwa Uvira na Bukavu.

Magazeti huhesabu waliokufa, na ni haki. Lakini moto una hesabu ya pili inayoanza wiki chache baadaye, wakati waandishi wameondoka. Kidonda cha moto kikipona chenyewe, hupona kwa kujivuta. Kovu ni kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa ngomani ikaanikwa juani: hukaza, na kila kilicho jirani hukivuta. Kope la chini huvutwa chini mpaka jicho halifungi, hata usingizini. Jicho lisilofungwa hukauka, likikauka huingia kidonda, na mtu aliyeokoka moto hupofuka mwaka unaofuata. Kona za mdomo huvutwa mpaka kijiko hakiingii. Kidevu hushuka kikashikana na kifua, mtu akawa anatazama ardhi maisha yake yote. Hayo yote yana dawa. Mpasuaji hulikata kovu, hulilegeza, huchukua ngozi ya paja au ya nyuma ya sikio na kuipandikiza, na jicho likafungwa usiku huo huo. Ni operesheni ya saa chache. Kwa asiyekuwa na wa kumfanyia, ni upofu.

Ukitaka kuujua ugumu wa kazi hii, hapo pana mlango wa kuingilia. Mwaka 1861 daktari wa Vienna, Karl Langer, alitoboa maiti kwa kitu chenye ncha ya mviringo, akaona matundu hayabaki duara: yanajivuta yakawa kama punje za mpunga, na punje hizo zote zinaelekea upande mmoja, kama nyasi zilizolazwa na upepo. Ngozi ina uelekeo wake. Anayekata kwa kuufuata huacha kovu jembamba kama uzi. Anayekata kinyume huacha mlima. Chini ya ngozi hiyo kuna neva inayotoka mbele ya sikio na kugawanyika matawi makuu matano, kama vidole vya mkono uliowekwa shavuni, na kila tawi lina kazi yake: hili hupandisha nyusi, hili hufunga jicho, hili huvuta tabasamu. Kisu kikiteleza kidogo tu, mgonjwa hatacheka tena kwa upande huo. Kwa upande mwingine Mungu aliujalia uso damu nyingi. Jeraha la usoni hupona upesi kuliko la mguuni, na nyuzi zake mara nyingi hutolewa siku ya tano.

Hata pua ina historia ya kutufaa. Wahindi walikuwa wakitengeneza pua karne nyingi kabla ya Wazungu kuijua kazi hiyo, kwa sababu kwao kukatwa pua kulikuwa adhabu. Walichukua ngozi ya paji la uso, wakaiacha imeshikana katikati ya nyusi ili damu iendelee kupita, wakaigeuza na kuishusha ikawa pua. Mwaka 1794 jarida moja la London lilichapisha habari za mwendesha ng'ombe aliyetengenezewa pua namna hiyo, na madaktari wa Ulaya wakaanza kuiga. Njia hiyo bado inatumika leo. Nikiisoma huwakumbuka watu wa Kaskazini mwa Uganda na wa Haut-Uélé kwetu Kongo, waliokatwa midomo, masikio na pua na waasi wa LRA. Aliyekishika kisu siku ile alijua anachokifanya. Angeweza kuua. Alitaka mtu huyo abaki hai akiwa tangazo la kutisha wenzake. Mpasuaji anayemfanyia kazi mtu kama huyo analibandua tangazo hilo ukutani.

Niseme kidogo kuhusu noma, ingawa ingestahili makala yake. Ni ugonjwa wa watoto maskini mno. Huanza na kidonda kidogo kwenye ufizi, hasa kwa mtoto aliyedhoofishwa na bwaki au aliyetoka kuugua surua, na kwa siku chache hula shavu likatoboka. Wengi wasiotibiwa hufa. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa Desemba 2023. Ukiwahiwa, unatibika kwa dawa za kawaida za kuua vijidudu, maji ya kusukutua kinywa na chakula. Kila mpasuaji anayeshona mashavu ya watoto hawa anajua kwamba mayai na maharage ya mwaka jana yangeifuta kazi yake ya leo, na nadhani mpasuaji mwema hutamani ifutwe.

Kinachonivutia zaidi katika maisha ya watu wa fani hii ni kwamba hawaagani na wagonjwa wao. Daktari wa kidole tumbo humwona mtu mara moja, wakapeana mkono. Kovu halikui pamoja na mtoto. Mtoto aliyeungua shingo akiwa na miaka 3 atahitaji kulegezwa tena akiwa na 7, na tena akibalehe. Pua iliyotoka kwenye paji la uso hushushwa wiki hii, hukatwa mahali iliposhikana wiki zijazo, hupunguzwa baadaye. Daktari huzeeka akiwatazama wagonjwa wake wakikua, wakioa, wakizaa. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mgeni wa wiki mbili peke yake. Nawashukuru kwa moyo wageni wanaokuja na timu zao na kushona midomo 50 kwa juma moja. Lakini wanapopanda ndege, wa kumlegeza mtoto kovu akifika miaka 7 anatakiwa awe ni mwenyeji, mtu anayeijua barabara ya Sange wakati wa mvua, anayemwamkia bibi wa mtoto kwa Kifuliiru na kuelewa kwa nini walichelewa.

Mdomo sungura huwapata watoto kila mahali duniani, takriban mmoja kwa kila 700 wanaozaliwa. Haukuletwa na mwezi kupatwa, wala na kitu alichokitazama mama, wala na jirani. Wiki za mwanzo za mimba, uso wa mtoto hujengwa kwa vipande vinavyotoka pembeni na kukutana katikati, na mara nyingine vipande havikutani. Ni hilo tu. Mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 hivi, akishapata uzito wa kutosha wa kuvumilia nusu kaputi. Kaakaa, likiwa nalo limepasuka, hushonwa baadaye, kabla hajafika mwaka na nusu, ili awahi maneno.

Kuwahi maneno kuna maana yake. Kaakaa ndilo linaloziba njia ya pua ili pumzi ijae mdomoni, na sauti ya *b* inataka pumzi hiyo. Sauti ya *m* haiitaki, yenyewe hupita puani. Kwa hiyo mtoto mwenye kaakaa lililopasuka hulisema neno *mama* sawasawa kama watoto wengine. Akitaka kusema *baba*, pumzi hutoroka, na kinachotoka ni *mama* tena. Baba anarudi kutoka shambani au ziwani, mtoto anamkimbilia kwa furaha, anamwita, na jina linalotoka si lake.

Huku kwetu wengi huletwa wakiwa wamechelewa, wana miaka 5, wana miaka 6. Baada ya kushonwa hawazungumzi vizuri kesho yake. Mdomo umezoea njia ya zamani na lazima ufundishwe upya. Mtoto huambiwa abane pua kwa vidole viwili, afumbe midomo, akusanye pumzi, aiachie kwa ghafla. Anajaribu. Inatoka *mama*. Anajaribu tena. Haya hufanyika siku nyingi, kwenye chumba kidogo chenye kiti kimoja, na baba mara nyingi hakai ndani. Husimama mlangoni, kofia mkononi, anasikiliza.